Mtindo wa kufikiri hauhusu macho wala masikio

"Mimi ni mtu wa macho, maelezo matupu hayaniingii. Ndiyo mtindo wangu wa kufikiri." Anayesema hivyo hulitamka kwa uhakika wa mtu anayetaja kundi lake la damu, na wasikilizaji huafiki.

Mtindo wa kufikiri ni jinsi mtu alivyozoea kuzipanga na kuzishughulikia taarifa, zikishaingia kwa mlango wowote wa fahamu. Kupenda michoro ni upendeleo tu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakiuliza swali moja la haki: je, "watu wa macho" hufaulu zaidi wakifundishwa kwa picha, na "watu wa masikio" kwa sauti? Ushahidi wa kutosha hawakuupata.

Kosa la pili huniudhi zaidi, kwa kuwa hufanywa na waliosoma: kuchanganya mtindo na uwezo. Chukua jaribio la wanasaikolojia Herman Witkin na Solomon Asch, lililochapishwa 1948. Unaketi gizani, mbele yako fremu ya mraba inayong'aa, imeinamishwa, na ndani yake kijiti kinachong'aa. Unaambiwa ukisimamishe wima. Wapo wanaokisimamisha barabara, fremu iiname itakavyo. Wapo wanaokilaza kuifuata fremu na kuridhika kuwa kiko wima. Witkin aliona hapo mitindo miwili: kujitegemea na kutegemea mazingira ya kitu. Lakini kijiti kina jibu sahihi! Mmoja amepatia, mwingine amekosea, na wakosoaji walikuwa na haki kuuliza kama kinachopimwa hapo si uwezo.

Ndiyo maana namwona Gordon Pask, Mwingereza aliyechunguza namna watu wanavyojifunza miaka ya 1970, kuwa aliikaribia zaidi dhana yenyewe. Aliwapa watu mada ngumu, akafuatilia njia zao. Baadhi walikwenda hatua kwa hatua, hawagusi la pili kabla ya kulimaliza la kwanza. Wengine walitaka kwanza sura ya jambo zima, wakirukaruka huku na kule, vipande vidogo wakiviacha vya baadaye. Wote waliweza kuielewa mada, ila kila upande ulikuwa na ugonjwa wake: wa hatua kwa hatua hukusanya vipande asione vinavyoungana, na wa jambo zima huona miungano hata pale isipokuwepo. Wapo pia wanaobadilisha njia kulingana na kazi, na hao mara nyingi husahaulika watu wanapogawanywa makundi.

Kwa hiyo ndugu mpenda michoro, endelea kuipenda, wala hakuna anayekunyang'anya. Ila ukiulizwa mtindo wako wa kufikiri, tuambie unaanzia wapi ukipewa jambo usilolijua kabisa, na huwa unakwama wapi.