Kipimajoto hakiondoi sumu kwenye gongo

Hesabu inayosikika sana kwa wapishi wa gongo ni hii: methanoli, ile sumu, huchemka kwa nyuzi 64.7, ethanoli, kilevi chenyewe, 78.4, maji 100. Basi funga kipimajoto, mwaga kinachotoka kabla ya 78, kinachofuata ni salama. Namba zote tatu ni za kweli. Hesabu yenyewe ndiyo mbovu.

Nyuzi hizo ni za kila kimiminika kikiwa peke yake, tena usawa wa bahari. Ndani ya pipa hakuna kilicho peke yake. Pombe iliyochacha yenye kilevi cha asilimia 10 huanza kuchemka kwenye nyuzi 92 au 93, na mvuke wake wa kwanza huwa karibu nusu kilevi, nusu maji. Kilevi kinavyopungua, joto hupanda taratibu kuelekea 100. Kwenye mtambo wa kawaida wa pipa na bomba, hakuna wakati mshale utatulia 65 ukusubiri umwage.

Methanoli kidogo inayotokana na uchachushaji, hasa wa matunda kama ndizi, hutoka pamoja na ethanoli tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Kumwaga ya mwanzo hupunguza asetaldehidi na ethili asetati, ile yenye harufu ya gundi. Methanoli haiondoki kwa njia hiyo.

Kipimajoto kina kazi yake, na viwanda vyenye leseni hukitegemea: huonyesha kwa kukadiria kilevi kilichomo kwenye mvuke. Lakini kiwekwe panapostahili. Ncha yake iwe kwenye njia ya mvuke, usawa wa tundu la bomba linaloelekea kwenye kipoozeo. Ikizama kwenye pombe inasoma joto la pombe. Ikipanda juu ya tundu inasoma chini ya ukweli, kwa kuwa mvuke haupiti hapo.

Kabla ya kukiamini, kitie kwenye barafu iliyosagwa na maji kidogo: kisome 0. Kisha kwenye maji yanayochemka. Hapa wengi hukosea, maana Dar es Salaam kitasoma 100, Dodoma karibu 96, Nairobi kati ya 94 na 95. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban nyuzi moja.

Kipimajoto cha homa kisitumike kabisa. Cha kioo hakipiti nyuzi 42 na hupasuka; kikiwa cha zebaki, kinamwaga sumu nyingine. Vile vya kidijitali vyenye waya wa plastiki navyo si vya kutumbukiza, kwa sababu mvuke wa moto wa kilevi hukamua kemikali kutoka kwenye plastiki. Na mvuke unaovuja karibu na kuni huwaka, hata kipimo kisome sawasawa.

Vifo vingi vya halaiki, kama vya Nairobi Novemba 2000 vilivyopita mia moja, vilitokana na pombe iliyotiwa methanoli. Spiriti ya viwandani yenye methanoli ikichanganywa kinywaji kikiwa kimeshapikwa, kipimajoto kilichokuwa kwenye mtambo hakina la kusema. Wala ulimi na pua havitambui. Maabara ndiyo hujua, na leseni ndiyo humlazimisha mpishi afike huko: Tanzania sheria ya leseni ya gongo ni ya 1966, Kenya iliruhusu chang'aa, gongo ya huko, kwa leseni mwaka 2010.

Dalili za methanoli mara nyingi huchelewa saa 12 hadi 24, mtu akidhani ni hangova: kichwa, kutapika, tumbo kuuma, kuona ukungu au weupe kama theluji, kisha kupumua kwa kasi na kwa kina. Maziwa na kahawa havisaidii. Mpelekeni hospitali mara moja, hata macho yakianza kurudi, pamoja na wote waliokunywa naye ingawa hawajalalamika, na chupa yenye masalia ya kinywaji iliyofungwa vizuri.