Waetruski hawakutoweka

"Hivi Waetruski walipotelea wapi?" Swali hili, juu ya watu walioishi Italia ya kati kabla Roma haijaitawala, limenichosha, na kinachonichosha zaidi ni jibu ambalo muulizaji huwa keshajipa: Warumi waliwamaliza. Hawakuwamaliza! Mji wao wa Veii ulitekwa mwaka 396 K.K., wa Volsinii mwaka 264 K.K., na damu ilimwagika. Lakini mji kutekwa si ukoo kufutika.

Sisi watu wa makumbusho nasi tunachangia. Tunapanga chumba cha Waetruski, kinachofuata cha Warumi, na mgeni anavuka mlango akidhani watu wale walifia kizingitini.

Nenda Volterra, mji mdogo wa mlimani huko Toscana nchini Italia, uingie Makumbusho ya Guarnacci yaliyoanzishwa mwaka 1761. Mna masanduku ya majivu ya wafu zaidi ya 600, mengi ya alabasta, jiwe laini la huko huko. Juu ya kifuniko marehemu amejilaza kama yuko karamuni, kaegemea kiwiko cha kushoto, mara nyingi ameshika bakuli. Kichwa ni kikubwa, mwili umefinywa ili uenee kwenye jiwe. Masanduku haya yaliendelea kuchongwa hadi karne ya 1 K.K., wenyeji wakiwa tayari raia wa Roma, na mengine yana majina yaliyoandikwa kwa Kilatini. Mazishi ni yale yale, kilichobadilika ni maandishi.

Chukua ukoo wa Ceicna wa huko Volterra, ambao Warumi waliuita Caecina. Aulus Caecina, rafiki wa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliandika juu ya elimu ya Kietruski ya kufasiri radi. Ukoo huo huo ndio uliogharimia ukumbi wa maigizo ambao magofu yake yako chini ya ukuta wa mji. Wageni wanayapiga picha na kusema, "Hii sasa ni Roma." Ni Roma, ndiyo, na waliotoa fedha ni Waetruski.

Kilichokufa ni lugha, na sipendi kuitajia mwaka. Maandishi yanaonyesha watu walipoacha kuiandika. Jikoni na shambani huenda iliendelea kusemwa muda mrefu baadaye.

Tarehe za masanduku nazo zinabishaniwa. Wakusanyaji wa zamani walitenganisha vifuniko na masanduku yake, kwa hiyo uso unaoutazama pengine si wa yule ambaye majivu yake yaliwekwa chini yake. Kibandiko kikitaja tarehe moja kwa vipande vyote viwili, mimi huvichunguza kimoja kimoja.