Simu yako haina vairasi, ulibonyeza Ruhusu

Wiki hii pekee nimeletewa simu tatu hapa Luthuli, Nairobi, na maneno ni yaleyale, "fundi, simu imeingia vairasi." Nauliza inafanya nini, naambiwa inaleta matangazo yenyewe hata ikiwa imelala mfukoni, mara umeshinda pesa, mara betri inaharibika, mara una vairasi 13 bonyeza hapa haraka. Mama mmoja alikuwa ameshafomatiwa simu mahali kwa soo nane, picha za wajukuu zikaenda zote, na siku mbili baadaye matangazo yakarudi. Lazima yangerudi! Aliingia tena kwa ile saiti yake ya filamu za bure akabonyeza Ruhusu.

Hizo ni notifikesheni za saiti, na saiti haiwezi kukutumia kama hujaikubalia. Uliikubalia siku ile ilikwambia ubonyeze Ruhusu eti kuthibitisha wewe si roboti ndio video ianze. Kutoka hapo inakutumia chochote saa yoyote hata kama umefunga Chrome. Na hakuna saiti inaweza kupima simu yako ikahesabu vairasi, hiyo 13 imechorwa tu, ingeweza kuwa 50.

Ikija tena usiifungue, soma jina la saiti lililoandikwa hapo juu yake. Halafu ingia Chrome, nukta tatu juu kulia, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa (ndizo hizo notifikesheni), utakuta zote ulizokubali zimejipanga hapo (wengine orodha haiishi jamani), zuia moja moja. Mimi yangu nimezima ile swichi ya juu kabisa, hakuna saiti inaniuliza mambo ya Ruhusu, na hivyo ndivyo nawafanyia wateja wangu wote wakitaka wasitake. Ukizuia zote na bado matangazo yanajaza skrini, sasa hapo mara nyingi ni apu uliyoweka juzi, itoe.

Wale wa kufuta kache kila asubuhi ati simu iwe na spidi, kache ndiyo imeweka picha na vipande vya saiti ili zisivutwe upya, kwa hivyo unachoma bando yako mwenyewe. Futa kache wakati saiti imegoma kufunguka vizuri, basi. Na ukifuta kuki pia, vile vifaili saiti inakukumbuka navyo, utatolewa kwa akaunti zako nyingi, usinipigie simu usiku ati umehakiwa.

Inkognito nayo, ile njia ya Chrome ya kuingia saiti kisiri, inaficha historia kwa simu yako tu. Wenye wifi ya kazini na kampuni ya intaneti bado wanaona saiti unazoingia. Google ilishtakiwa Marekani mwaka wa 2020 kwa mambo ya hiyo inkognito, na 2024 ikakubali kufuta rekodi ilizokuwa imekusanya.

Maandishi kuwa madogo si ugonjwa wa simu. Kwa simu ni Mipangilio ya Chrome, Ufikivu, unavuta ile ya kukuza maandishi. Kwa kompyuta shika Ctrl na alama ya kujumlisha, Chrome itakumbuka kwa hiyo saiti. Mzee mmoja alikuja kuniuzia laptopu sababu hasomi gazeti vizuri, nikabonyeza mara tatu, akanyamaza kidogo halafu akauliza ni pesa ngapi.