Kwa nini Eileen Chang, mwandishi wa hadithi za huzuni, aliandika filamu za kuchekesha?

Wengi tumemjua Eileen Chang kupitia Lust, Caution, ile filamu ya Ang Lee ya 2007, na mimi kwa miaka niliamini kabisa skripti yake kaiandika yeye. Sio kweli. Alifariki Los Angeles 1995, miaka 12 kabla ya filamu kutoka, hadithi ndo yake ila skripti ni ya Wang Hui-Ling na James Schamus. Za kwake mwenyewe ni nyingine kabisa, na nyingi ni komedi! Tena skripti yake ya kwanza, Bu Liao Qing ya 1947 (hii si komedi), filamu ilitangulia ndo baadae akaigeuza kuwa hadithi ya kusoma, kinyume na tulivyozoea.

Kifupi, alizaliwa Shanghai 1920, akawika kwa hadithi zake wakati Wajapani wameukalia mji, vita ilipoisha 1945 akasemwa sana kwa vile mumewe alitumikia serikali ya vibaraka wao, kuchapisha kukawa kugumu, riziki akaipata kwenye sinema.

Sasa kwa nini komedi? Hela ni sababu mojawapo, ila naona kuna kubwa zaidi. Kwenye kitabu msimulizi anakunong'oneza, huyu anasema hivi ila moyoni ana lile. Kwenye filamu hamna wa kukunong'oneza, ni kama umekaa sebuleni kwa watu, unachoambulia ni macho yako tu. Angalia komedi yake Taitai Wansui, nayo ya 1947. Ni bethdei ya mama mkwe, dada wa kazi anavunja bakuli, mke wa nyumba anavificha vipande haraka kisha anatabasamu kama hamna kitu. Umeshamjua mke huyo, maisha yake yote ni kuficha mambo ili nyumba itulie, na hakuna aliyekueleza. Uongo ukiuona kwa macho unacheka, ule ule ukisimuliwa kitabuni unaumiza, na Chang uongo wa ndani ya nyumba aliujua mno.

Baadae akiwa Marekani, mume wake wa pili Ferdinand Reyher anaumwa, skripti za studio ya MP&GI ya Hong Kong ndo zilizokuwa zinalipa bili. 1961 alisafiri mpaka Hong Kong kuandika filamu ya Hong Lou Meng, riwaya ya kale ya Kichina aliyoipenda tangu utotoni, akaandika mpaka macho yakamvuja damu, filamu yenyewe haikutengenezwa. Juni 1964 bosi wa studio, Loke Wan Tho, akafa kwenye ajali ya ndege Taiwan, na kazi za skripti zikakatikia hapo.