Tathmini ya umahiri kazini: fundi sanifu wa dawa anapopimwa dirishani

Neno "cheti" kwetu lina maana mbili. Kuna cheti anachotoka nacho mtu chuoni, kile kinachotiwa fremu na kutundikwa ukutani, na kuna cheti anachoandika daktari, kile unachokipeleka dirishani upewe dawa. Tathmini ya umahiri kazini ni kumtazama mwenye cheti cha kwanza anavyokishughulikia cheti cha pili.

Tuliongee kwa urefu kidogo. Mtu aliyemaliza masomo ya ufundi sanifu wa dawa anawekwa kwenye famasi ya kweli, yenye wagonjwa wa kweli na foleni ya kweli. Mtathmini, ambaye mwenyewe amesajiliwa na amefunzwa kutathmini, anamwangalia siku baada ya siku akifanya kazi. Kila anachokiona anakipima kwa viwango vilivyoandikwa kabla mtahiniwa hajavuka mlango. Akivifikia, safari ya kusajiliwa inaendelea. Asipovifikia, anaambiwa ni wapi hasa alipokwama, anapangiwa cha kufanya, kisha anarudi kupimwa tena.

Nimelazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu, aliyesomea dawa hapa Unguja kisha akamfuata mumewe Toronto, Kanada. Alinipigia simu amekasirika. "Mjomba, mitihani yote nimefaulu. Sasa wananipeleka famasi wakaniangalie kama mtoto wa chuoni!" Nilicheka, kwa sababu mtoto wa chuoni ndiye mfano wenyewe niliokuwa nautafuta.

Chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, hakuna aliyewahi kuhitimu kwa karatasi. Unaweza kuzijua hukumu zote za tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, ukaandika kurasa tatu kuhusu makhraji, yaani pale kinywani na kooni herufi zinapotokea, na bado sheikh akakwambia: haya, soma. Anakusikiliza herufi kwa herufi. Ukiteleza anakurudisha. Na anayetaka ijaza, ruhusa ya kuwasomesha wengine, husoma mbele ya sheikh wake mpaka sheikh aridhike, kisha ndiyo anaruhusiwa. Sheikh hatoi ijaza kwa mtu aliyemsikia mara moja. Tathmini ya umahiri ni ndugu wa karibu wa ijaza, ila ina tofauti moja kubwa ambayo nitaifikia huko mbele.

Kwanza majina, maana hapa watu huchanganyikiwa. Fundi sanifu wa dawa si mfamasia. Kwa Tanzania mfamasia ana shahada ya miaka minne, na fundi sanifu ana stashahada ya miaka mitatu. Mgonjwa dirishani hajali, wote kwake ni "daktari", kama anavyomwita daktari kila aliyevaa koti jeupe. Na "umahiri" ndilo neno la mitaala yetu. Wakenya wanasema "umilisi" na wanakusudia kitu kile kile, yaani ujuzi, stadi na mwenendo vikifanya kazi pamoja kwa wakati mmoja. Anayejua kipimo cha dawa lakini akamfokea bibi asiyesikia vizuri hajawa mahiri. Anayechangamka na kila mtu lakini akakosea hesabu, naye hajawa.

Wazo la kupima utendaji badala ya kumbukumbu si la jana. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, aliandika akitaka watu wapimwe kwa umahiri badala ya akili. Miaka miwili baadaye Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, wakachapisha namna ya mtihani wa vituo: mtahiniwa anahama kutoka chumba hadi chumba, kila chumba na kazi yake, na saa inamkimbiza. Mtihani wa namna hiyo sasa umeenea katika taaluma za afya, na mafundi sanifu wa dawa wa Kanada nao wana sehemu ya vitendo katika mtihani wao wa taifa.

Kisha, mwaka 1990, akaja George Miller na piramidi lake la ngazi nne. Chini kabisa mtu anajua. Juu yake, anajua namna ya kufanya. Juu yake tena, anaonesha namna anavyofanya. Kileleni, anafanya. Ukilitazama piramidi hilo utaona mtihani wa maandishi unazigusa ngazi mbili za chini, na mtihani wa vituo unafika ya tatu, kwa sababu kule chumbani mgonjwa ni mwigizaji na mtahiniwa anajua kuwa anatazamwa kwa dakika chache tu. Ngazi ya nne haifikiwi mpaka umfuate mtu kazini. Kujitia adabu kwa dakika saba kila mtu anaweza. Kubaki na adabu ile ile saa sita mchana, feni haizunguki na watu ishirini wamekuzunguka wewe, ni jambo jingine.

Mkoa wa Ontario, alikokwenda mpwa wangu, ulianza kuwasajili mafundi sanifu wa dawa kama taaluma inayojitegemea mwezi Desemba 2010. Uingereza ikafuata mwaka 2011 kwa kuufanya usajili wao kuwa wa lazima. Kabla ya hapo mtu wa kazi hiyo alikuwa msaidizi tu, na kosa lake lilikuwa kosa la mfamasia. Usajili ulipokuja, fundi sanifu akabebeshwa jukumu lake mwenyewe, na hapo ndipo swali la "je, anaweza kweli?" likawa zito.

Jukumu lenyewe linaeleweka ukikigawa cheti cha daktari katika maswali mawili. Swali la kwanza: dawa hii inamfaa mgonjwa huyu, kwa maradhi haya, pamoja na dawa nyingine anazotumia? Hilo ni la mfamasia. Swali la pili: kilichomo ndani ya pakiti ndicho kilichoandikwa kwenye cheti, kwa jina, nguvu, umbo, idadi na maelekezo, na pakiti inakwenda kwa mwenyewe? Hilo, Ontario, fundi sanifu aliyesajiliwa analijibu na kulitilia saini yake. Mtathmini basi anatafuta vitu viwili: kama mtu analijibu vizuri swali lake, na kama analitambua swali lisilokuwa lake akalipeleka kwa mwenyewe. Kwa maoni yangu la pili ni gumu zaidi. Hesabu hufundishika. Kusema "hili si langu, subiri nimuulize mfamasia" mbele ya mgonjwa aliyechoka kungoja kunataka moyo.

Tuliweke dirishani kwetu, tuone macho ya mtathmini yanakwenda wapi. Tuseme ni Pemba, hospitali ya wilaya, Jumatatu asubuhi. Mama kaleta cheti cha mwanawe wa miaka sita: amoksilini ya maji, miligramu 250, mara tatu kwa siku, siku 5. Stoo ipo chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita 5. Kwa hiyo kila dozi ni mililita 10, kwa siku 30, kwa siku tano 150. Chupa moja haitoshi. Mtahiniwa asiyepiga hesabu mpaka mwisho atatoa chupa moja, mtoto atapata nafuu siku ya tatu, dawa itakwisha siku ya nne, na hakuna atakayejua kuwa kosa lilitoka dirishani.

Bado unga haujachanganywa. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, yafike kwenye alama, chupa itikiswe, na mama aelezwe kuwa dawa ikishachanganywa haikai zaidi ya muda ulioandikwa, kwa kawaida siku 7. Bado kijiko. Kijiko cha dawa ni mililita 5, cha jikoni ni kile alichorithi mama kwa bibi yake. Ndugu yangu mmoja aliwahi kumnywesha mwanawe kwa kijiko cha mezani wiki nzima kwa sababu dirishani aliambiwa "kijiko kimoja" na akaondoka. Mtathmini anasikiliza je, mtahiniwa alionesha kikombe chenye alama? Je, alimwambia mama, "Haya, nieleze mimi, utampaje?" Kumrudishia mgonjwa maneno ili ayaseme yeye ndiyo njia ya kujua kama yamefika.

Na kuna hili neno "kutwa". Lebo nyingi zimezoea kuandikwa "kutwa mara tatu". Mwenye Kiswahili chake anajua kutwa ni mchana, kucha ni usiku, na wako wanaozimaliza dozi zote tatu kabla ya magharibi. Hospitali ilikusudia zigawanywe ndani ya saa 24. Ukifika Ramadhani ndiyo kabisa: dozi tatu zinabanwa baina ya futari na daku, au ya mchana inaachwa kimya kimya. Fundi sanifu mahiri anauliza, "Unafunga?" Akijibiwa ndiyo, habadilishi dozi kwa kichwa chake. Anampelekea mfamasia au anamrudisha kwa daktari, kwa sababu pengine ipo dawa ya mara moja kwa siku. Swali la neno moja tu, na limekwishaonesha umahiri ambao karatasi ya mtihani isingeuona.

Mengine nayapita haraka. Majina yanayofanana: klorpromazini ya maradhi ya akili na klorpropamidi ya kushusha sukari, mwandiko mbaya ukiziweka rafu moja. Friji ya insulini na chanjo, nyuzi 2 hadi 8, na nani aliandika joto la jana umeme ulipokatika. Pakiti inayokwisha muda mapema itangulie kutoka. Kadi ya stoo ilingane na rafu. Siri ya mgonjwa isitangazwe dirishani, hasa kwenye mji ambao kila aliye kwenye foleni anamjua mwenzake kwa jina la ukoo.

Watu wengi wanadhani haya yote ni fildi kwa jina jingine. Hapana. Fildi ni kufundishwa: unakosea, mwenyeji wako anakurekebisha, unajaza daftari, linatiwa saini. Tathmini ni kupimwa, na inakuja wakati mtu anadai yuko tayari. Kanuni njema ni kwamba anayekufundisha asiwe ndiye anayekupima. Mwalimu amekwisha kukuzoea. Anaujua udhaifu wako na ameshakusamehe.

Sasa ile tofauti na ijaza. Sheikh anabeba kipimo kifuani mwake. Mtathmini anatakiwa akibebe kwenye karatasi: kila kiwango kimeandikwa, na karibu yake anaandika alichokiona, siku gani, mara ngapi. Haruhusiwi kuandika "kijana mzuri, mwenye heshima". Anatakiwa aandike kwamba siku ya pili alimtambua mgonjwa kwa jina peke yake, bila ya umri wala mtaa, palipokuwa na kina Fatma Juma wawili. Siku ya nne akalirekebisha. Tena tukio moja halitoshi kumfaulisha wala kumwangusha mtu. Ndiyo maana kazi huchukua siku kadhaa na mambo ya namna nyingi hutazamwa.

Sababu ya ukali huo kwetu ina jina: muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wa karibu. Nani atamwangusha mtoto wa jirani aliyekula kwake Idi? Kwenye visiwa vidogo, mtathmini na mtahiniwa wakikaa dakika kumi tu watagundua wameoana ukoo mahali fulani. Wataalamu wa elimu ya tiba duniani wamelilalamikia jambo hilo hilo kwa lugha zao, kwamba wasimamizi hushindwa kumwangusha anayestahili kuanguka, lakini sidhani kama wana neno linalolifunga kama letu. Anayeona muhali hasemi uongo. Anaandika tu "wastani" palipostahili "hapana", na mgonjwa ambaye hakuwepo ndiye anayelipa. Dawa ya muhali ni mtathmini asiye na udugu wala biashara na mtahiniwa, viwango vinavyosomeka na kila mtu, na ushahidi wa maandishi ambao mtu wa tatu anaweza kuusoma akafikia uamuzi ule ule. Karatasi hiyo inamlinda mtahiniwa pia, asije akaangushwa kwa sababu babake alimdai mtu mashua.

Kwa Zanzibar, afya si jambo la Muungano. Dawa zetu zina sheria yake, Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2006, na Bara wana Baraza lao la Famasi. Hata dawa tulichagua kwa njia yetu: tulipoiacha klorokwini kwa malaria mwaka 2003 tulichukua atesuneti na amodiakwini, wakati Bara baadaye walikwenda na dawa mseto nyingine. Kwa hiyo mtu aliyepimwa akaonekana mahiri Dodoma, au Toronto, anapofika dirisha la Wete, Pemba, hukuta rafu tofauti, miongozo tofauti na Kiswahili cha "kutwa" kinachotaka kuulizwa. Umahiri hupimwa mahali kazi inapofanyika, na ukihama mahali kuna kipande cha kujifunza upya. Hilo ndilo nililomwambia mpwa wangu: hawaitilii shaka stashahada yako, hawajakuona tu kwenye famasi yao.

Aliuliza jambo moja la mwisho, nalo wengi huliuliza: mgonjwa atakuwa salama wakati yeye anajaribiwa? Mtahiniwa bado hajasajiliwa, kwa hiyo hakuna pakiti inayotoka mikononi mwake kwenda kwa mgonjwa bila ya kupitiwa na aliyesajiliwa. Akikosea, kosa linazuiliwa mezani, linaandikwa, na mgonjwa anaondoka na dawa yake sahihi.