Kronborg, meli ya mizigo iliyofanya kazi baada ya kuzama pale Manza, Tanga

Hapa makumbusho watu wakiulizia vita ya kwanza ya dunia pwani yetu wanaulizia Königsberg tu, ile manowari ya Mjerumani iliyojificha delta ya Rufiji. Meli ya mizigo haina mwenyewe. Mimi ukiniuliza nani alisaidia vita iendelee huku, sikutajii manowari, nakutajia Kronborg.

Kwanza haikuwa ya Mjerumani. Ilikuwa ya Mwingereza, ikiitwa Rubens, vita imeanza Agosti 1914 imekutwa bandarini Hamburg, basi ikachukuliwa, ikapewa jina jipya na bendera ya Denmark, ikapewa mabaharia wanaojua Kidenmark na kapteni Carl Christiansen, juu kwenye deki zikapangwa mbao ili ukiiona useme huyu ni mfanyabiashara wa mbao anajitafutia riziki. Chini ya mbao sasa! Makaa ya mawe ya Königsberg, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku. Ikatoka Ujerumani Februari 1915, ikazunguka Afrika Kusini mpaka visiwa vya Aldabra.

Redio ndo iliwachoma. Waingereza walikuwa wanazinasa habari zao za redio, kwa hiyo tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Mwingereza, HMS Hyacinth, ikawa inawangojea karibu na Tanga. Bahati nzuri kwa watu wa Kronborg injini moja ya Hyacinth ikagoma katikati ya kufukuzana, Kronborg ikapata upenyo ikajichomeka ghuba ya Manza. Hapo Christiansen akacheza: akafungulia maji ya bahari yaingie meli ikae chini kwenye kina kifupi, alafu mbao za juu zikawashwa moto. Waingereza wakapiga mizinga, wakaona moto na moshi wakajua hii imekwisha, wakaondoka zao.

Kumbe mzigo uko chini ya maji, moto haujaugusa. Wazamiaji wakaanza kuutoa. Bunduki hazikuwa na shida sana, shida risasi, maana zilikuwa nyingi mno na zimeloa, ikabidi zifunguliwe moja moja, unang'oa kichwa, unamwaga baruti, unaianika kama unga, ikikauka unairudisha kwenye ganda unafunga tena. Na kuna ambazo hata baada ya hapo ziligoma kulia. Lakini kwa askari wa Lettow-Vorbeck hiyo ilikuwa neema, wengi walikuwa bado na bunduki za 1871 za baruti ya moshi, ukipiga moja tu wingu linamwonyesha adui ulipo.

Makaa hayakuiokoa Königsberg, ilimalizwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake ikatolewa ikafungwa magurudumu (mmoja nenda kauone Fort Jesus, Mombasa). Machi 1916 Mjerumani akaleta meli nyingine, Marie, ikaingia Sudi kule karibu na Lindi na hiyo haikuzama, ikashusha kila kitu, wapagazi wakabebeshwa vichwani wakaanza kutembea kuelekea kaskazini.