Siku nane, miji mitatu: kwa nini wa nne siuongezi

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, wewe siku nane unatupeleka miji mitatu tu? Kuna wenzako wana nchi saba kwa siku kumi, na bei hazipishani sana. Vipi?"

Nami hujibu kwa swali: umewahi kushusha watu 28 kwenye basi?

Ninaishi Vienna, na kuongoza misafara ndiyo kazi inayonilisha. Kila kiangazi nachukua vikundi vya Waswahili, wengi kutoka Dar, Tanga, Mombasa na Nairobi, na siku hizi ndugu zetu wa Muscat na Dubai pia. Nawapitisha Prague (Ucheki), Vienna (Austria) na Budapest (Hungaria). Basi niseme leo mara moja, ili Februari ijayo nitume kiungo tu.

Piga hesabu nami. Basi limesimama. Wa mbele wameshashuka, wa nyuma bado wanatafuta koti, mmoja amekumbuka miwani, mama mmoja goti linamsumbua na ngazi za basi ni za juu. Dakika 10 hizo. Kisha choo. Vyoo vingi vya umma huku ni vya kulipia, tena kwa sarafu, na upande wa kina mama kuna vyumba viwili. Dakika 25 nyingine, kama kila mtu ana sarafu, na hakuna siku kila mtu ana sarafu. Kisha nahesabu vichwa. Kisha narudia, kwa sababu nimepata 27 na huyo wa 28 yuko nyuma yangu ananipiga picha. Mji uliopewa saa tatu kwenye ratiba, ukitoa kushuka, choo, kuhesabiwa na kupanda tena, umebakiwa na saa moja na nusu. Hiyo inatosha picha tatu na sumaku ya friji.

Halafu kuna dereva, na huyu ndiye anayesahauliwa na kila anayetaka nchi saba. Sheria ya Umoja wa Ulaya haimruhusu kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45. Kwa siku ni saa 9. Anaweza kufikisha 10 mara mbili tu kwa wiki. Usiku anatakiwa apumzike saa 11 mfululizo, ingawa siku chache anaruhusiwa kuzipunguza hadi 9. Yote yanaandikwa na kifaa kilichomo ndani ya basi, na polisi akimsimamisha njiani anakisoma. Kwa hiyo kikundi kikinogewa na chakula cha jioni, basi likafika hotelini saa nne usiku, kwa kawaida halitoki kabla ya saa tatu asubuhi. Nimeona ratiba zinazosema "tutaondoka saa kumi na mbili kamili" siku inayofuata tafrija ya usiku. Aliyeziandika hajawahi kumuuliza dereva kitu.

Mpangilio wangu ni usiku tatu Prague, mbili Vienna, mbili Budapest. Prague mpaka Vienna ni kilomita 330 hivi, na Vienna mpaka Budapest 240 hivi. Siku hizo mbili za njiani nazihesabu kama zimepotea, jioni ikipatikana nashukuru. Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ipo karibu kabisa na njia, chini ya kilomita 80 kutoka Vienna, na watu hunisihi tusimame "hata nusu saa". Tunaipungia mkono dirishani.

Usiku tatu za Prague zina kazi nyingine: viza. Ya Schengen, viza moja inayofaa nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Kwangu jibu ni moja, Ucheki. Msafiri wangu mmoja alichapishiwa barua ya hoteli na wakala mwingine, usiku za Vienna zikaonekana nyingi kuliko za Prague, maombi yakarudishwa naye akabaki Dar sisi tukaenda. Toka siku hiyo barua za hoteli naandika mwenyewe. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15; ukiwa na akili usingoje hizo 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Na tukiwa kwenye fedha: euro utaitumia Vienna tu. Prague ni koruna, Budapest ni forinti. Prague kuna vibanda vya kubadilisha fedha vinavyoandika "kamisheni sifuri" huku bei yenyewe ni wizi. Tangu 2019 sheria ya Ucheki inakupa saa tatu za kurudi na risiti ukatengua biashara, kama haizidi euro 1,000. Mama mmoja wa Kariakoo aliitumia. Hakujua neno la Kicheki, alisimama tu mbele ya dirisha akaweka risiti na kukunja mikono mpaka zikarudi.

Sasa nikuoneshe muda tunaoubana huku tunaupeleka wapi.

Saa kubwa ya Prague iko kwenye ukuta wa ukumbi wa zamani wa mji tangu 1410. Kila saa kamili, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano usiku, watu hujaa chini yake na simu juu: vidirisha viwili vinafunguka, mitume wanapita mmoja mmoja, sanamu ya mifupa inavuta kamba ya kengele, jogoo anawika, kwisha. Ni kama dakika moja. Mimi huwaleta wangu dakika kumi baadaye, umati ukishatawanyika na vibaka nao wamehama. Wanalalamika kwamba wamekosa mitume. Nawaambia watazame uso wa saa.

Uso huo una saa za namna tatu kwa pamoja. Tarakimu za Kirumi ni saa za kawaida za Ulaya. Nje yake kuna pete nyeusi yenye tarakimu za dhahabu za mwandiko wa kale, 1 mpaka 24. Hizo ni saa za zamani za Wacheki, na zinaanza kuhesabiwa jua linapotua: likitua ni 24, na baada ya saa nzima ni 1. Na ndani, kwenye sehemu ya buluu, kuna mistari ya dhahabu iliyopinda, 1 mpaka 12. Hiyo inagawa mchana, toka jua kuchomoza hadi kutua, mafungu kumi na mawili.

Prague siongei mimi, anaongea mwenyeji wa kulipwa, nami natafsiri. Anajua kwamba hapo wageni humpotea. Wazungu wa kawaida anawaeleza mara tatu: hapana, siku haianzi usiku wa manane, inaanza jioni, hapana, asubuhi si saa saba, ni saa moja. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwalimu mstaafu wa Tanga, mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya kiua na fimbo. Nikaanza kutafsiri, hata sijafika nusu akanikatiza.

"Mwanangu, hebu ngoja. Hii si saa yetu?"

Nikanyamaza. Niliwahi kutafsiri maneno yale sijui mara ngapi, na sikuwahi kuyasikia.

"Jua likichomoza wanaanza moja," akasema, fimbo ikielekea juu. "Likitua siku imekwisha, wameingia nyingine. Alhamisi magharibi ikishaingia kwetu tunasema nini? Usiku wa Ijumaa. Mwambie huyu mama hatuhitaji kufafanuliwa."

Nikamwambia. Mwenyeji akatoa kijitabu akaandika.

Tukakaa pale dakika 40, na ratiba ilisema 15. Maana yake maswali yalianza. Kwa nini ile pete nyeusi inasogea? Kwa sababu Prague Desemba jua linatua saa kumi jioni, na Juni saa tatu na robo usiku, lazima ile 24 ilifuate. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki ikweta iko jirani, jua halitutoroki hivyo, ndiyo maana saa zetu zikatulia. Na hiyo mistari iliyopinda? Mchana wa Juni ni mrefu, ukiugawa kumi na mbili kila fungu linapita dakika 80. Wa Desemba linapata kama 40. Saa moja ya kiangazi ni mara mbili ya saa moja ya baridi. Kijana wa Nairobi aliyekuwa akilalamikia mitume ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka.

Sasa niambie, katika nchi saba kwa siku kumi, hizo dakika 40 zingetoka wapi?

Mengine ya Prague nayapitisha upesi. Daraja la Charles IV lilianzwa 1357, lina urefu wa mita 516 na sanamu 30. Nenda alfajiri au usiende. Uwanjani, karibu na ukumbi wa saa, misalaba 27 imechorwa kwa mawe chini ya miguu ya watu, mmoja kwa kila aliyenyongwa au kukatwa kichwa pale Juni 1621. Wengi wanaikanyaga wakila aiskrimu.

Vienna naongea mwenyewe, kwa kuwa Austria kutembeza wageni ni kazi ya leseni na mtihani wake niliufanya. Nawapandisha tramu kuzunguka Ringstrasse, ile barabara pana iliyojengwa mahali pa kuta za mji baada ya mfalme Franz Joseph kuamuru zivunjwe mwaka 1857. Kasri la Schönbrunn lina vyumba 1,441, na nashukuru kwamba mgeni huoneshwa vichache tu. Lakini kuna mahali nawasimamisha ambapo vikundi vingine havisimami, uwanja wa Josefsplatz, kando ya kasri la Hofburg.

Hapo nawasimulia habari za Angelo Soliman. Alizaliwa Afrika, kwenye miaka ya 1720, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaishia Vienna. Alisoma, akajua lugha kadhaa, akalea na kufundisha watoto wa ukoo wa kitawala wa Liechtenstein, akaoa, akaketi na wakubwa wa mji. Alifariki 1796. Mwili wake ukachunwa ngozi, ngozi ikajazwa na kuvalishwa manyoya na shanga, mambo ambayo maishani hakuyavaa, ikawekwa kwenye makumbusho ya mfalme, hapo hapo Josefsplatz, kama mnyama. Binti yake Josephine aliomba apewe baba yake amzike. Hakupewa. Mwaka 1848, wakati wa mapinduzi, moto ukaiunguza ngozi hiyo.

Sisemi zaidi ya hayo. Mara nyingi watu wananyamaza mpaka tunafika mkahawani, ambako kahawa inaletwa na gilasi ya maji, na maji yenyewe yanatoka milimani kwa mfereji uliofunguliwa 1873. Unaweza kukaa na kikombe kimoja saa mbili na mhudumu asikukodolee macho. Baada ya Josefsplatz watu wanahitaji hizo saa mbili.

Budapest ndiko nilikowahi kumpoteza mtu, na kosa lilikuwa langu. Ni kwenye treni ya chini ya ardhi ya 1896, ya kwanza Ulaya ukiiacha Uingereza, yenye vituo vidogo na milango isiyongoja mtu. Niliingia wa kwanza badala ya kuingia wa mwisho. Milango ikafunga, mtu wa 28 akabaki nje akiniangalia kwenye kioo. Tangu hapo sheria ni moja na naisema kila asubuhi: ukiachwa, usitoke ulipo, mimi ndiye nitakayerudi.

Siku ya mwisho tunapanda kilima upande wa Buda, hadi kwenye kaburi la Gül Baba, dervishi, yaani sufi, wa Kituruki aliyefariki 1541 Waosmani walipoutwaa mji. Kuba lake bado limesimama. Mtaa wa kupandia ni mwinuko mkali wa mawe, na mwendo wa kikundi unakuwa mwendo wa mguu mzito kuliko yote. Yule mwalimu alisimama mara nne. Juu kule akasoma Fatiha, kina mama nyuma yake wakaitikia, kisha wakakaa kivulini wakapitishana tende.

Jioni tulirudi upande wa Pest, tukakaa kando ya mto Danube kungoja chakula. Akaniuliza jua huku linatua saa ngapi. Nikamwambia, "Mwezi huu, Mwalimu, ni saa mbili na dakika arobaini usiku."

Akacheka. "Haiwezekani, mwanangu. Jua haliwezi kutua saa mbili. Likitua ndipo inapokuwa kumi na mbili."

Akavua saa ya mkononi. Akangoja jua lizame lote nyuma ya vilima vya Buda, akavuta kile kitufe cha pembeni, akairudisha mishale yote miwili juu.